Kabla Hujafunga Safari ya Kambi ya Macho: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kambi za macho za bure, zile ambazo kwa siku tatu au nne hupima mamia ya watu kwenye kituo cha afya na kuwafanyia upasuaji wenye mtoto wa jicho bila malipo. Wengine wenu mnataka kuja Uganda kujitolea, wengine mko hapa na ndio mnaopokea wageni. Barua tumezifupisha. Majibu ni ya wahudumu wa macho wanaoandikia safu hii.

Mimi ni muuguzi mwenye leseni ya Tanzania. Nimealikwa kujitolea wiki mbili kwenye kambi ya macho wilayani Isingiro. Je, leseni yangu inatosha? (Muuguzi, Mwanza)

Haitoshi. Leseni ya nyumbani inakupa ruhusa ya nyumbani. Hapa Uganda muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na daktari na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Maafisa tabibu na kada zinazofanana nao wana baraza lao. Mgeni wa muda mfupi huomba usajili wa muda, na ombi huenda vizuri likipitia kwa hospitali mwenyeji badala ya kuhangaika nalo mwenyewe. Andaa nakala za vyeti zilizothibitishwa, leseni ambayo haijaisha muda, barua ya baraza lako la nyumbani inayosema huna kesi ya nidhamu, paspoti, na barua ya mwaliko inayotaja kituo, tarehe na kazi utakayofanya. Hiyo barua ya nidhamu ndiyo huchelewesha watu, kwa hiyo iombe kabla ya vingine vyote. Anza miezi mitatu kabla ya safari.

Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, lakini kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Mwombe mwenyeji alimalize hilo na idara ya uhamiaji mapema. Chanjo ya homa ya manjano nayo isichomwe mkesha wa safari: cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: je, mganga mkuu wa wilaya anajua kambi hii ipo? Ninyi mtaondoka Jumapili. Mgonjwa ambaye jicho lake litaanza kuuma Jumatano atakwenda kwenye kituo cha serikali cha hapo hapo, na mhudumu wa pale asipojua nani alimpasua, lini na kwa dawa gani, atabaki kubahatisha. Kambi ambayo wilaya haiijui, usiende.

Sina taaluma yoyote ya afya. Nina likizo ya mwezi mmoja, nataka kusaidia na kujifunza. Naweza kuingia chumba cha upasuaji? (Msomaji, Mombasa)

Chumba cha upasuaji kitoe akilini. Tena huko siko kambi inakokwama. Daktari mzoefu anayetumia njia ya tundu dogo lisiloshonwa humaliza jicho moja kwa dakika 10 hadi 15. Foleni hukwama kwenye meza ya kupimia uwezo wa kuona, na hapo ndipo mtu asiye na taaluma, akifundishwa nusu siku akasimamiwa, huwa wa msaada mkubwa. Kazi yenyewe hii hapa.

Chati ya herufi E ya mita 6 itundikwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Umbali upimwe kwa futi kamba, si kwa hatua. Bandika plasta sakafuni, na miguu ya nyuma ya kiti ikae juu ya plasta hiyo. Kama chumba ni kifupi, tafuta chati iliyotengenezwa kwa mita 3. Ukichukua ile ya mita 6 ukaisogeza hadi mita 3, herufi zinakuwa kubwa maradufu machoni pa mgonjwa na nusu ya foleni inatoka "nzima". Chati isipigwe na jua la moja kwa moja, wala isiwekwe ukutani kando ya dirisha linalomwaka.

Anza na jicho la kulia kila mara, hata mgonjwa akisema shida iko kushoto. Mazoea hayo ndiyo yanayozuia fomu kugeuzwa. Jicho lisilopimwa afunike kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Akifunika kwa vidole atachungulia katikati yake, wala si kwa ujanja. Na asilikandamize, maana zamu yake ikifika litaona ukungu kwa dakika kadhaa.

Mgonjwa aoneshe kwa mkono vijiti vitatu vya E vimeelekea wapi. Amefaulu mstari kama amepatia nyingi kuliko alizokosa, tuseme tatu kati ya nne. Andika mstari mdogo wa mwisho aliofaulu. 6/18 maana yake ni kwamba akiwa mita 6 anasoma kile ambacho jicho zima lingekisoma kutoka mita 18. Akishindwa hata E ya juu kabisa, msogeze hadi mita 3. Akiiona hapo ni 3/60. Akishindwa, mita 1: ni 1/60. Bado? Punga mkono mbele yake. Bado? Washa tochi kutoka pande nne na umuulize mwanga unatoka wapi.

Usiandike "haoni" kabla ya kufika kwenye tochi. Mzee mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa, mboni nyeupe kama maziwa, haoni chati wala vidole, lakini mwanga anauona na anajua unakotoka. Huyo upasuaji unaweza kumrudishia shamba lake. Mwingine jicho lake linaonekana safi kabisa na mwanga hauoni. Huyo kumpasua ni kumtesa bure. Kwenye fomu ya mvivu wote wawili wameandikwa neno moja.

Kila jicho lisilofika 6/12 lipimwe tena kwa kadi ya kitundu: kadi nyeusi yenye tundu la milimita 1.2 hivi. Akisoma mistari miwili zaidi kupitia tundu, tatizo lake kwa kawaida ni la miwani. Asipoongeza kitu, kuna jambo ndani ya jicho, apelekwe kwa afisa tabibu wa macho. Wazee wengi hawalipati tundu; wasaidie kushika kadi na uwape muda. Futa kadi kwa spiriti kila mgonjwa anapoondoka, hasa aliye na macho mekundu.

Macho mawili pamoja na kadi huchukua dakika tatu hadi nne. Watu 200 kwa meza moja ni saa zaidi ya kumi, kwa hiyo meza ziwe tatu. Na foleni isiketi ikitazama chati: mgonjwa wa thelathini atakuwa amekariri mstari wa chini kwa kusikiliza wenzake.

Mimi ni Mkongomani, naishi Nakivale. Kambi ikija huitwa kutafsiri kati ya madaktari na wakimbizi wenzangu. Namuuliza mgonjwa "Unaona?" anajibu "Naona," kisha kipimo kinasema haoni. Wananilaumu mimi. (Mkalimani, Nakivale)

Lawama si yako, ni ya swali. Mtu mbele ya daktari mgeni hawezi kukana. "Naona" yake ni adabu. Acha kabisa maswali ya ndiyo na hapana. Uliza "Vijiti vimeelekea wapi?", "Nimenyoosha vidole vingapi?", "Mara ya mwisho ulichambua mchele mwenyewe ni lini?" Hilo la mchele hutoa majibu kuliko chati.

Kuna maneno matatu ya kuangalia. La kwanza ni mtoto wa jicho. Aliyezoea Kiswahili cha pwani analijua. Aliyetibiwa Kongo huenda analijua kwa jina la Kifaransa, katarakti. Taja yote mawili, kisha eleza: kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, kitatolewa, na mahali pake patawekwa kingine cha plastiki ambacho hakitolewi tena. Usipoisema hiyo sehemu ya mwisho, utasikia baadaye kwamba madaktari wamechukua macho ya watu.

La pili ni presha ya macho. Mgonjwa anayemeza vidonge vya presha ya damu atadhani ni kitu kimoja na kwamba vidonge vyake vinatosha. Sema "maji ya ndani ya jicho yanasukuma kupita kiasi na kuua mshipa wa kuonea." Ongeza kwamba matone hayatarudisha uoni uliopotea, yanalinda uliobaki. Asiposikia hivyo, wiki ya pili ataona dawa haifanyi kazi na ataiacha. Akipewa timolol, mojawapo ya matone hayo, muulize kwanza kuhusu pumu na umwambie daktari kabla chupa haijatoka mezani, kwa sababu dawa hiyo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu.

La tatu ni kuwasha, na hili huwapotosha hata wanaokijua Kiswahili sawasawa. "Macho yananiwasha" inaweza kuwa mwasho wa kutaka kujikuna, unaoelekea kwenye mzio, au inaweza kuwa kuchoma kama yameingia pilipili, kunakoelekea kwenye ukavu, moshi au kidonda. Muulize: unataka kuyakuna, au yanachoma?

Kuhusu ridhaa, mtoto au jirani asitafsiri. Ukimaliza kueleza, mgeuzie mgonjwa akueleze wewe: jicho lipi, litafanywa nini, na nini kinaweza kwenda vibaya. Upande uwe na alama, kipande cha plasta juu ya nyusi ya jicho litakalopasuliwa, kilichobandikwa fomu ikiwa wazi mkononi. Kulia kwa daktari anayekutazama ni kushoto kwako, na kosa hilo limekwisha kutokea duniani mara nyingi kuliko inavyopendeza kusema.

Kikundi chetu kimekusanya miwani 300 iliyotumika, katoni ya matone ya antibiotiki, na mashine ya kupimia macho kutoka Marekani. Tunapeleka kwenye kambi Uganda. Ushauri? (Katibu wa kikundi, Nairobi)

Miwani iacheni. Tunajua mmejitahidi. Ila kila miwani iliyotumika ilikatwa kwa macho ya mtu mmoja: nguvu ya kulia tofauti na ya kushoto, pengine na marekebisho ya mwelekeo fulani, na katikati ya lenzi kuwekwa kulingana na umbali wa mboni zake yeye. Kumpata mtu mwingine wa vipimo hivyo kwenye foleni ni bahati nasibu. Itabidi mtu akae na mashine aipime moja baada ya nyingine, atupe zilizokwaruzika, na mwishoni abaki na fremu za mitindo ambayo msichana wa Mbarara hataivaa shuleni hata mkimlipa. IAPB, muungano wa kimataifa wa mashirika ya kuzuia upofu, unashauri waziwazi kwamba miwani ya aina hii isitumike kwenye kambi.

Fedha za kusafirishia miwani hiyo nunueni miwani mipya ya kusomea, iliyo tayari, ya nguvu sawa pande zote mbili. Wahitaji wengi ni watu wa miaka 40 na kuendelea ambao mikono imekuwa mifupi kwa kusogeza maandishi mbali na macho. Kwa makadirio, wa miaka 40 hadi 45 huanzia +1.00, anayekaribia 50 +1.50, wa 50 hadi 55 +2.00, na baada ya hapo +2.50 hivi, mara chache +3.00. Kwa hiyo msinunue idadi sawa ya kila nguvu: +1.50, +2.00 na +2.50 ndizo huisha kwanza.

Umri ni pa kuanzia tu. Funga uzi wa sentimita 40 kwenye kadi ya kusomea ili kila mmoja apimwe kwa umbali ule ule, kisha muulize kazi yake. Miwani ya +3.00 humwonesha vizuri mtu asiyekuwa na tatizo la mbali kitu kilicho kama sentimita 33 kutoka usoni, ya +2.00 ni sentimita 50. Fundi cherehani na mama anayechambua maharage kwenye ungo mapajani hawahitaji nguvu moja. Wajitoleaji wapya hupenda kutoa miwani kali kwa sababu mgonjwa husema "hii inakuza!" Akifika nyumbani inamlazimu kuinamia ungo hadi pua iguse, na miwani inaishia juu ya kabati. Toa iliyo dhaifu kuliko zote inayomwezesha kufanya kazi yake. Na kabla ya miwani ya kusomea, apimwe mbali pia. Mwenye 6/60 ukampa miwani ya kusomea na kumruhusu aende, umemficha mtoto wa jicho wake.

Dawa haziingii Uganda mkobani. Mamlaka ya Dawa ya Taifa ndiyo hutoa kibali, kwa orodha inayotaja jina la dawa, nguvu, idadi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja ikifika. Matone ya kloramfenikoli, antibiotiki ya macho, huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Katoni ikishinda juani kwenye buti ya gari kutoka Busia, mtagawa maji.

Mashine angalieni nyuma yake. Umeme wa Uganda ni volti 240, na plagi ni ya pini tatu bapa kama ya Kenya. Mashine ya volti 110 bila transfoma inaungua siku ya kwanza. Hata ikiwa sawa, ulizeni taa yake ya akiba inapatikana wapi. Hospitali nyingi zina chumba cha mashine za msaada zilizokufa kwa kukosa taa moja tu.

Kambini napewa kazi ya kuweka matone ya kupanua mboni. Kuna wagonjwa hawapanuki hata baada ya nusu saa, na daktari anakasirika. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mbarara)

Pengine hukosei. Macho meusi hupanuka polepole kuliko ya rangi hafifu, kwa sababu rangi ya jicho hunasa sehemu ya dawa. Tropikamaidi ya asilimia 1, dawa ya kupanua mboni, hufanya kazi kwa dakika 20 hadi 30. Kwa macho yetu weka tone la pili baada ya dakika tano hadi kumi, usingoje nusu saa ipite.

Ila tazama mkono wako pia. Mgonjwa atazame juu, vuta kigubiko cha chini cha jicho kiwe kama mfuko, tone moja liangukie humo. Moja linatosha: chupa nyingi hutoa tone kubwa kuliko nafasi ya mfuko huo, kwa hiyo la pili likifuata hapo hapo hukimbilia shavuni na kuliosha la kwanza. Afumbe taratibu, bila kukaza, na kubonyeza kona ya ndani ya jicho kwa dakika mbili. Dawa mbili tofauti zipishane dakika tano. Ncha ya chupa isiguse kope. Ikigusa, chupa hiyo itupwe, usiwaonee haya wanaohesabu chupa.

Soma jina la dawa kwenye kila chupa, kila mara. Rangi ya kifuniko si ya kutegemea, kwa kuwa viwanda havifuati mpango mmoja. Mboni iliyobana kama kichwa cha pini baada ya matone yako inakuambia umeshika pilokapini, dawa ya kazi iliyo kinyume.

Na kabla ya tone la kwanza, afisa tabibu awe ameshamulika jicho kwa tochi kutoka pembeni kuona kama nafasi ya mbele ndani ya jicho ni finyu. Jicho finyu likipanuliwa linaweza kupandisha presha ya ndani ghafla: maumivu makali, kutapika, jicho jekundu. Aliyepanuliwa haendeshi bodaboda kwa saa nne hadi sita. Mwambie asubuhi, kabla ya dawa, ili ampigie mtu aje kumchukua.

Wanafunzi wangu kadhaa, hasa wavulana, macho yao huwasha mwaka mzima, yamekuwa ya kahawia pembeni mwa cheusi. Wazazi huwanunulia matone dukani na wanapata nafuu siku mbili. Kambi inakuja. Niwapeleke? (Mwalimu, Arua)

Wapeleke, na wazazi waje na hizo chupa. Maelezo yako yanafanana na mzio sugu wa macho unaowapata watoto wengi Afrika Mashariki. Hauambukizi, na wengi huacha kusumbuliwa wakibalehe. Kinachotutia hofu ni chupa. Matone yanayotuliza kwa siku mbili mara nyingi yana deksamethasoni au betamethasoni, dawa za steroidi zinazotuliza uvimbe. Daktari huyatumia kwa muda mfupi akipima presha ya jicho. Yakinunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi, presha hupanda kimyakimya, mshipa wa kuonea hufa, na mtoto wa jicho anaweza kumpata mtoto wa miaka 12. Presha hiyo haiumi. Mtoto hufika kliniki akiwa ameshapoteza uoni wa pembeni na hakuna wa kumrudishia.

Kwa sasa: kitambaa cha maji baridi, kunawa uso, kutofikicha. Kambini huenda akapewa matone ya mzio ya kromoglikati ya asilimia 2 mara nne kwa siku. Hiyo huchukua wiki kuonesha kazi, kwa hiyo mzazi aelezwe asikate tamaa akarudi dukani.

Ukiwa bado na darasa mbele yako, tazama jambo moja zaidi. Mtoto yeyote mwenye weupe katikati ya mboni, au ambaye kwenye picha za simu jicho moja hung'aa jeupe na lingine jekundu, asingoje kambi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho inayowapata wadogo. Aende hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo. Kituo cha Macho cha Ruharo, Mbarara, kinaitibu saratani hiyo. Kutoka Arua ni mbali, lakini ikiwahiwa mtoto huweza kuokolewa.

Tuliandikisha wagonjwa 40 wa upasuaji wa bure. Siku ya kambi wakaja 15. Kuna nini? (Mratibu wa msikiti, Busia)

Neno "bure" linahusu daktari tu. Mgonjwa ana nauli ya kwenda na kurudi, ya mtu wa kumshika mkono, chakula cha wote wawili, na siku mbili tatu shamba bila mtu. Hesabuni hizo kabla hamjachapisha tangazo. Gari la kuwachukua kutoka vijijini na kuwarudisha kesho yake huleta watu kuliko redio. Msiweke kambi siku ya gulio wala wakati wa kupanda mvua zikianza, Machi na Septemba.

Halafu kuna woga, ambao hausemwi. Mtafuteni mtu wa kijiji kile kile aliyepasuliwa akapona, mtu wanayemjua, aambatane na mjumbe wa afya wa kijiji mkipita nyumbani wiki moja kabla. Wanawake wazee mara nyingi hungoja mwana aseme "nenda", kwa hiyo zungumzeni na huyo mwana.

Wachache watakaokuja watarudishwa kwa presha ya damu. Kambi nyingi huahirisha ikifika 180/110, kwa sababu damu inaweza kuvujia ndani ya jicho. Waambieni mapema: vidonge vya presha vinamezwa kama kawaida asubuhi ya upasuaji. Wengi huviacha wakidhani ndiyo utaratibu.

Mimi ni mjumbe wa afya wa kijiji. Wageni wakishaondoka, waliopasuliwa huja kwangu. Niangalie nini? (Mjumbe wa afya, Tororo)

Wewe ndiye kambi yenyewe kuanzia siku ya pili. Kabla gari halijaondoka dai vitu vitatu: orodha yenye jina, kijiji, jicho lililopasuliwa na tarehe, namba ya simu ya afisa tabibu wa macho atakayepokea saa yoyote, na jina la hospitali itakayopokea mgonjwa wa dharura, mkubaliane na nani atalipa nauli.

Jicho linaloendelea vizuri huwa jekundu kidogo, linachonyota, linatoa machozi, na kila siku ni afadhali kuliko jana. La kuogopa ni lililogeuza mwendo: maumivu yanaongezeka, uoni uliokuwepo unapungua, kigubiko kimevimba, au kuna usaha. Hayo hutokea zaidi ndani ya wiki ya kwanza, na mara nyingi ni maambukizi ndani ya jicho. Matone hayafiki huko. Inahitajika antibiotiki ya sindano ndani ya jicho lenyewe, na kila saa inayopita inapunguza kinachoweza kuokolewa. Piga simu usiku huo huo, usiseme tungoje kuche. Dawa za mitishamba, maziwa ya mama na mkojo visikaribie jicho lile.

Matone ya baada ya upasuaji kwa kawaida huanza mara nyingi kwa siku na kupunguzwa polepole kwa wiki nne hadi sita. Fuata karatasi ya mgonjwa. Chupa huisha kabla ya muda wake pale mtu anapomwaga matatu kwa mara moja, kwa hiyo siku ya kwanza mwone akiweka mwenyewe, au mjukuu atakayemwekea. Kifuniko kigumu usiku kwa wiki moja. Kulima, kubeba mtungi na kuinamia moto wa kuni vingoje mwezi. Kuswali akae kwenye kiti.

Wiki ya sita apimwe tena kwa chati ile ile, kwanza bila kadi ya kitundu, kisha nayo. Akisoma vizuri zaidi kupitia tundu, anahitaji miwani tu, na mzee wa aina hiyo akiachwa husema upasuaji haukufaa. Andika namba zote kwenye orodha yako na uitume kwa waliopasua. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekitumia kwa miaka mingi ni kwamba, kwa miwani mgonjwa aliyo nayo, angalau macho 80 kati ya 100 yafike 6/18 au zaidi, na yaliyo chini ya 6/60 yasifike matano. Wageni wakiandika kwamba wanataka kurudi mwakani, wajibu kwa kuwatumia hiyo orodha kwanza, na uwaulize watafanya nini kwa walio chini ya 6/60.